Amina Niliyokataa Kuitoa

Kaka yangu Tomasi alipogundua kwamba Mungu anataka awe diwani wa kata yetu, mimi sikupinga. Diwani tuliyekuwa naye alikuwa anasinzia kwenye vikao mpaka sisi tuliomchagua tukawa tunamwonea huruma. Kilichonikera ni kwamba habari hiyo Mungu hakumpa Tomasi mwenyewe. Alimpa Mtume Erick, na Mtume Erick akaitangaza kwa kipaza sauti.

Tomasi anaishi Morogoro mjini, Kihonda, ana kazi ya ofisini na shati la kila siku ya wiki. Mimi nimebaki huku juu milimani, ukiipita Mkuyuni, nalima. Kwetu dada na kaka huitana lumbu, na huyu lumbu wangu nampenda, nilimbeba mgongoni alipougua surua. Tulibatizwa Wakatoliki wote wawili, kigangoni hapa hapa. Lakini baada ya kushindwa kura za maoni za chama mara ya kwanza, alihamia kwa Mtume Erick, kwenye lile kanisa la turubai la bluu, akasema huku kwetu tunasali vizuri ila hatushindi.

Mtume alikuwa na fundisho lake la milima saba. Kwamba dunia ina milima saba, dini, familia, elimu, habari, sanaa, biashara na siasa, na mwamini ana wajibu wa kuikalia yote, maana imeandikwa tutakuwa kichwa wala si mkia. Nilikwenda kumsikiliza Jumapili moja kwa sababu Tomasi alinibembeleza sana. Milima yenyewe ilikuwa imechorwa kwenye bango kubwa nyuma ya mimbari, yote ina theluji. Pembeni, pale turubai lilipokunjwa, Uluguru ulikuwa umesimama na wingu lake, na hakuna hata mmoja aliyeutazama.

Siku hiyo hiyo Mtume alimwita Tomasi mbele. Akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni.

"Naona nyota," akasema. "Nyota ya mtawala. Lakini imefungwa. Naona kamba, inatoka upande wa baba. Kijijini kwa baba. Kuna mti, kuna mawe, kuna chungu. Ndugu yangu, madhabahu ya ukoo wa baba yako inakula kura zako."

Kanisa likalipuka kwa makofi. Mimi nilishika kiti cha plastiki kwa mikono miwili nisije nikacheka.

Maana sisi ni Waluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo wa mama, na mambo makubwa huamuliwa na mjomba. Ukoo wa baba ni watu wetu wa heshima, wanatupa majina, tunataniana nao, tunazikana nao, lakini hatumo. Kama kungekuwa na madhabahu inayotafuna kura za Tomasi, ingepaswa kuwa kwa mama. Kwao Mtume Erick, kama kwa watu wengi wa nchi hii, mtoto ni wa baba, na inaonekana roho aliyemfunulia naye alikuwa mwenyeji wa huko huko kwao.

Tulipotoka nje nilimshika Tomasi mkono. "Lumbu, mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba wewe si wa ukoo wa baba. Mtoto wa darasa la pili hapa kwetu anajua."

Alitazama huku na huku. "Josephina, ameshatangaza. Watu wameshapiga makofi. Unataka nimsahihishe Roho mbele ya kanisa?"

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na sikuogopa mapepo. Niliogopa shamba. Shamba langu la midalasini liko kwenye ardhi ya ukoo wa baba. Baba alipokuwa hai aliniombea kwa wenzake nilitumie, na alipofariki waliniacha niendelee, kwa heshima tu, kila msimu nawapelekea mahindi na jogoo. Midalasini nimeipanda mwenyewe, nimeipalilia mwenyewe, na mwaka huu ndiyo ilikuwa imekomaa kumenywa kwa mara ya kwanza. Binti yangu Veronika alikuwa amepata nafasi chuoni, na ada yake yote ilikuwa imesimama pale mlimani ndani ya magome. Wenye ardhi wakikasirika siku moja tu, mimi sina pa kushika, kwa sababu ardhi si yangu, na mti ukiwa mdogo unang'oleka, ukiwa mkubwa unauacha.

Mkubwa wa ukoo wa baba ni mzee Severini. Ni mtoto wa shangazi yetu, lakini kwa kuwa ndiye aliyerithi nafasi ya baba, sisi tunamwita baba. Ni katekista wa kigango kwa miaka mingi, na ndiye pia mtunzaji wa makaburi ya ukoo kule juu ya shamba langu. Kila mwaka kabla ya mvua wanafagia makaburi, wanamwaga unga kidogo, wanakunywa maji kutoka chungu kimoja, kisha wanateremka wote kwenda ibada. Sijawahi kusikia unga umegombana na rozari. Kasoro ya mzee Severini ni nyingine kabisa, nayo ni mpwa wake Allen, kijana asiyependa jembe lakini anayependa sana mashamba yaliyokwisha kulimwa.

Mtume alikuja kuivunja hiyo madhabahu masika ikiwa imekolea. Noah zao ziliishia pale barabara inapokata tamaa, na kutoka hapo ni miguu. Alikuwa amevaa viatu vyeupe vilivyochongoka. Kijana mmoja alimbebea Biblia, mwingine leso, mwingine mwavuli, na nyuma yao vijana wa kwaya wamejitwika spika na jenereta. Tomasi alikuwa mbele kwenye suti, ananyooshea watu mkono njiani kama vile kampeni zimeshaanza, na watu wanampokea kwa adabu huku wanaangalia spika.

Kila kona Mtume alisimama kuiombea kona. Tulipofika kwenye mwinuko wa kwanza wa maana aliombea mwinuko, kwa muda mrefu sana, ameshika magoti. Mimi nilifuata nyuma yao kwa sababu njia ya makaburini inapita katikati ya midalasini yangu, na nilitaka kuona kila mguu unakanyaga wapi. Mtu mwenye milima saba alikuwa anashindwa na huu mmoja, na bado tulikuwa hatujafika hata nusu.

Kule juu walikuta alichokiona kwenye maono: mti, mawe, chungu. Nakubali walikuta. Kwenye makaburi ya zamani ya Uluguru utakosa nini kati ya hivyo vitatu? Jenereta likawashwa. Mtume, pumzi zikiwa zimemrudia, akamsimamisha Tomasi mbele ya mawe akamwambia, "Rudia baada yangu, na rudia kwa sauti, shetani si kiziwi lakini ni mbishi."

Tomasi akarudia. Naikumbuka sala yote. "Mimi Tomasi, na wote waliozaliwa na baba yangu, tunaukana ukoo huu. Hatuna sehemu ndani yake. Hatuna urithi ndani yake. Chochote kilichotoka kwao, leo tunakirudisha." Spika zilikuwa zimeelekezwa bondeni. Sauti ilikwenda ng'ambo ikapiga mlima wa pili ikaturudia, na watu waliokuwa wanapalilia kule chini walisimama wakaegemea majembe wakasikiliza.

"Semeni Amina," akasema Mtume.

Wote wakasema Amina. Mimi sikusema. Ningependa kujisifu kwamba niliona mbele, lakini sikuona chochote isipokuwa yule kijana wa leso, ambaye alikuwa ameegemea mdalasini wangu na kuubandua gome kwa ukucha anuse. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba mdomo haukufunguka.

Mtume aliniona. Akanielekezea kipaza sauti kabisa. "Yule mama wa kitenge cha njano, mbona hasemi Amina? Nakuona, mama. Hiyo ni roho ya ukaidi. Asiyesema Amina, sala hii haimhusu, abaki na ukoo wake."

Basi nikabaki. Wakakipasua chungu, wakapiga mawe mateke, wakamimina mafuta ya upako, wakaimba, wakateremka. Kuteremka ndiko kulikochafua viatu.

Mzee Severini hakupanda kuja kuwazuia. Niliambiwa alikuwa shambani kwake bondeni, akasikia mwanzo mpaka mwisho, akanusa ugoro wake, akaendelea kulima. Hilo ndilo lililoninyima raha. Mtu anayefoka unajua amefika wapi.

Kesho yake Allen alionekana shambani kwangu, anatembea kati ya midalasini anaigusa mmoja mmoja, kwa upole, kama anachagua mchumba. Nilimsalimia. Akasema anapita tu.

Jumapili, baada ya ibada, mzee Severini alivua kanzu ya ukatekista, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi, na hapo hapo akawa mkubwa wa ukoo. Watu walibaki barazani kwa kigango, na wale wa ukoo ambao ni Waislamu wakaja nao wakakaa. Tomasi alikuwa ameitwa. Alituma ujumbe wa simu kwamba yuko kwenye mfungo.

"Sisi hatuna ugomvi na mtu," alianza mzee Severini. Ana sauti laini ambayo huwa naiogopa tangu utotoni. "Watu wamekuja, wamesali. Sala ni jambo jema. Wamemwambia Mungu kwamba hawana sehemu kwetu, na kwamba kilichotoka kwetu wanakirudisha. Sasa ndugu zangu, mtu akiomba kitu, na kitu chenyewe sisi tunacho, tutamzuiaje Mungu kumjibu?"

Watu wakacheka kwa chinichini. Hata mimi ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine.

"Shamba la midalasini lilitoka kwetu," akasema. "Wote waliozaliwa na baba yao wamelirudisha. Tunalipokea kwa shukrani. Allen atalishika."

Nilimwona Veronika amebeba begi lake anarudi nyumbani kabla hajaenda. Nikasimama, sijui nitasema nini, na kilichotoka mdomoni kikawa salamu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuuliza kitu cha katekisimu."

Alikunja uso. "Leo?"

"Amina maana yake nini?"

"Nilikufundisha mwenyewe."

"Ulinifundisha kwa fimbo, baba, sijasahau. Naomba wengine wasikie."

Akavuta pumzi. "Maana yake, na iwe hivyo. Mimi nakubali, na iwe hivyo."

"Na mtu asipoitamka?"

Nikawageukia watu. "Nani alimsikia Mtume alipomsema mama wa kitenge cha njano?"

Bibi Raya, ambaye ni dada yake mzee Severini na husali msikitini, alikuwa amekaa nyuma kabisa na miguu ameinyoosha. "Mimi nilikuwa ng'ambo napalilia," alisema. "Nilimsikia vizuri kuliko redio. Alisema, huyu mama hasemi Amina. Halafu akasema asiyesema Amina sala haimhusu, abaki na ukoo wake. Alisema hivyo, Severini, na wewe ulisikia."

"Tulisikia wote," akasema mwingine.

Mzee Severini alitoa kibuyu cha ugoro. Alinusa upande mmoja, akamtazama Allen, akanusa upande wa pili. Bonde zima lilikuwa shahidi, na hukumu ilikuwa imeshatolewa na mtu wa mjini kwa spika mbili. Angeikubali sala nusu na kuikataa nusu?

"Haya," akasema mwisho. "Tomasi ametoka. Josephina amebaki. Ndivyo alivyosema Mtume, na sisi ni nani?" Allen akaanza kuchunguza viatu vyake.

Niliimenya midalasini wiki ile ile, kabla mtu yeyote hajapata ufunuo mwingine.

Kura za maoni zilipofika, Tomasi alikuwa na hakika. Nyota ilikuwa imefunguliwa, Mtume alikuwa ameona kwa macho ya rohoni gari la diwani limeegeshwa mlangoni kwake, ingawa mlango wa Tomasi hauna pa kuegesha gari. Tatizo likawa moja tu. Wajumbe wengi wa kata yetu ni wa ukoo wa baba, ama kwa kuzaliwa ama kwa kuoa, na ni watu wasikivu. Mtu aliyetangaza kwa spika kwamba hana sehemu kwao hawakuona sababu ya kumlazimisha.

Aliyeshinda ni Twalibu, mnunuzi wa ndizi pale Mkuyuni. Twalibu hakuwa na maono wala kipaza sauti. Alikuwa anakuja misibani, anakaa na wanaume, anachimba kaburi zamu yake ikifika. Na katikati ya masika, siku chache baada ya yale ya Mtume, alipanda kimyakimya kwa mzee Severini akiwa na chungu kipya kwenye kikapu. Mjanja, hilo nalikubali. Lakini alikipandisha mwenyewe, na hakuiombea kona hata moja.

Nilidhani Mtume Erick ataona haya. Wifi yangu Editha, mke wa Tomasi, alinipigia simu Jumapili iliyofuata akiwa bado kanisani, ananong'ona.

"Wifi, Twalibu yuko hapa."

"Hapo wapi?"

"Kanisani. Kiti cha mbele. Mtume anatufundisha habari za Koreshi. Anasema Koreshi alikuwa mfalme wa mataifa, hakuwa wa imani, lakini Mungu alimwita masihi wake. Anasema mamlaka yaliyopo yameamriwa na Mungu, na kwamba yeye aliona nyota ya mtawala kutoka milimani, hakusema ni ya nani."

"Na Tomasi?"

"Amewekwa kiti cha tatu nyuma ya Koreshi."

Editha akasema Twalibu ana kofia yake kichwani na anaonekana amepotea njia, ila alikuwa ameahidiwa viti vyote vile vya plastiki siku ya mkutano wake wa hadhara. Sikujua nicheke au nilie, nikacheka kwanza. Baadaye, nilipomfikiria lumbu wangu amekaa pale nyuma anapiga makofi, nililia.

Alikuja alasiri moja kiangazi kimeanza. Nilikuwa uani kwenye kigoda, nageuza magome ya mwisho ya mdalasini kwenye jamvi yakauke yakijikunja. Bodaboda ikamshusha. Hakuwa na suti. Alikuwa ameshika chupa ya mafuta kwa mikono miwili, na hakuingia uani, alisimama pale kwenye uwazi wa ua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mdai?"

"Mtume amenituma."

Nikaendelea kugeuza magome. Akaeleza huku anatazama chini. Kwamba Mtume amepata ufunuo mpya, madhabahu ya baba ilivunjika sawasawa, lakini kazi ilikuwa nusu. Kwamba safari hii yeye Tomasi alimweleza ukweli, kuwa sisi ni watu wa ukoo wa mama. Mtume akauliza, madhabahu ya mama iko wapi. Tomasi akamjibu kwamba mama amefariki, wajomba wamekwisha, ukoo sasa uko kwa dada yake, mwanamke ndiye ukoo.

"Akasemaje?"

Tomasi aliigeuza chupa mikononi. "Akasema basi madhabahu ni wewe. Nije nikupake mafuta, nijitenge nawe kwa kinywa, ndipo nyota ifunguke. Uchaguzi ujao."

Niliumia. Sitasema vinginevyo. Nilikuwa nimezoea kuitwa mkaidi na kitenge changu cha njano, lakini haya yalitoka kwenye mdomo wa mtoto niliyempulizia uji upoe. Hasira ilikuja, halafu ikapita, ikaacha kitu kizito zaidi ambacho hakina makelele.

"Njoo hapa," nikamwambia. Akaja. "Ukoo wa mama ni huu, umekaa kwenye kigoda. Hakuna mlima wa kupanda. Paka mafuta, halafu sema ile sala. Sema huna sehemu kwangu, huna urithi kwangu, na kilichotoka kwangu unakirudisha. Kule kwa baba ulishatoka, bonde zima lilisikia. Ukitoka na hapa, lumbu, siku ukifa tutauliza wewe ni wa nani, na nani atajibu? Mtume atakupeleka kwao?"

Alikuwa anashikilia kizibo cha chupa.

"Sema kwa sauti," nikasema. "Safari ile nilikunyima. Leo Amina nitaitoa, tena mimi peke yangu nitakutosha."

Alifungua mdomo. Nilimtazama moja kwa moja, na nilimaanisha, na yeye alijua namaanisha, kwa sababu ananijua. Nilikuwa naogopa kuliko siku ile barazani. Kuku alipita kwenye jamvi, hakuna aliyemfukuza. Kisha Tomasi alifunga mdomo, akaweka chupa chini karibu na kinu, akakaa kwenye tofali lake la tangu utotoni.

"Lumbu," akasema, "chai ipo?"

Nikaenda jikoni. Nilichelewa kidogo huko, nikajifuta uso kwa upindo wa kanga. Nikammiminia kikombe kikubwa, nikavunjia kijiti cha mdalasini ndani. Akanywa, akafumba macho, akasema hajapata kunywa chai nzuri hivi tangu masika, kisha akauliza mdalasini huu umetoka shamba la nani.

Nikamwambia amalize kikombe kwanza.